Siku ya mchoraji wa matabaka: jibu kuhusu tope, kufifia na mpasuko katika rangi ya mafuta

Swali: "Huchora kwa rangi ya mafuta baada ya kazi, kwa muda wa saa mbili kila jioni, na nimejifunza mwenyewe kwa miaka 3. Napenda picha zinazojengwa kwa matabaka mengi, lakini picha ya uso niliyoianza miezi 4 iliyopita haiendi mbele. Rangi ya ngozi imegeuka kama tope, sehemu za giza zimefifia na kukosa kina, na picha niliyoimaliza kabla ya hii imepasuka juu ya shavu. Mchoraji anayeishi kwa kazi hii huipangaje siku yake, na hujuaje kwamba picha inasonga?"

Jibu:

Umetaja hitilafu tatu na kuuliza maswali mawili, lakini nikisoma maelezo yako naona jambo moja tu. Kila jioni unarudi kwenye turubai lile lile, kwa kuwa ndilo pekee ulilo nalo, na rangi ya jana inatwishwa ya leo kabla haijawa tayari kuibeba. Tope, kufifia na mpasuko vyote vinaweza kuzaliwa hapo. Kwa hiyo swali lako kuhusu ratiba silichukulii kuwa swali la nidhamu ya kujibiwa kwa sentensi mbili mwishoni, bali ndilo swali lenyewe la ufundi, nami nitalijibu kwa kuanza na namna rangi inavyokauka.

Rangi ya maji hukauka maji yakiondoka. Rangi ya mafuta haifanyi hivyo. Mafuta ya kitani, ambayo ndiyo yanayoshika chembe za rangi katika tyubu nyingi, hayaendi popote: hunyonya oksijeni kutoka hewani, na molekuli zake hufungamana mpaka kile kilichokuwa kimiminika kinakuwa utando mgumu. Ndiyo maana utando wa mafuta hayo, badala ya kupungua uzito kama kitambaa kilichoanikwa, huongezeka uzito kidogo katika siku za mwanzo. Kazi hiyo huanzia juu, hewa inapogusa, na kuteremka polepole, hivi kwamba rangi nene inaweza kuwa kavu kwa kidole ilhali chini yake bado ni laini kama siagi. Tabaka jembamba laweza kukauka kwa kuguswa kati ya siku 2 na wiki moja au zaidi kidogo, donge nene huchukua wiki nyingi au hata miezi, na ugumu wa ndani huendelea kujijenga kwa miaka mingi baada ya picha kutundikwa ukutani.

Usione haya kwa kukosa subira, kwa sababu malalamiko hayo ni ya kale. Mafuta yanayokauka yalitumika katika michoro ya mapango ya Bamiyan huko Afghanistan yapata karne ya 7, muda mrefu kabla ya wachoraji wa Ulaya ambao husifiwa mara kwa mara kwa kuyavumbua, na mtawa Theophilus, aliyewaandikia mafundi katika karne ya 12, alisema waziwazi kwamba kungoja kila rangi ikauke kabla ya kuweka nyingine juu yake ni kazi ndefu na ya kuchosha mno. Alikuwa akisema kweli, ila mafuta hayajabadilika tangu wakati huo.

Sasa lile shavu lililopasuka. Tabaka la juu likikauka na kukakamaa wakati la chini bado linajongea, la juu halina la kufanya ila kupasuka. Kutokana na hilo tumerithi kanuni ambayo mimi huwaambia wanafunzi kwa maneno manne: konda chini, nono juu. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, na kila linalofuata liwe na mafuta mengi kidogo kuliko lililotangulia, ili la juu libaki na ulaini wa kufuata mijongeo ya la chini. Neno "kidogo" hapa lina uzito wake. Nimeona watu wakiielewa kanuni hii kuwa ruhusa ya kuzamisha tabaka la mwisho katika mafuta, na matokeo yake ni uso unaokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa na kugeuka manjano kabla ya wakati wake. Matone machache ya mafuta kwa kila rundo la rangi yanatosha, na tofauti kati ya tabaka na tabaka huwa ndogo sana.

Jambo ambalo wanaojifunza wenyewe hulikosa mara nyingi ni kwamba rangi zenyewe hazikauki kwa mwendo mmoja, hata zikiwa na mafuta sawa. Hudhurungi ya amba hukauka haraka kwa sababu ina manganisi, na rangi zenye kobalti na nyeupe ya risasi nazo hukimbia. Nyeusi ya mifupa, nyekundu ya alizarini, rangi nyingi za kadimi na nyeupe ya titani huchelewa. Nyeupe ya zinki ina tatizo lingine kabisa: hukauka ikawa kavu kupita kiasi, huvunjika kirahisi, na kwa miaka inaweza kubanduka pamoja na kila ulichokiweka juu yake, kwa hiyo soma ubavuni mwa tyubu yako ya nyeupe, kwani zinki huchanganywa ndani ya nyeupe nyingi bila jina lake kuonekana kwa herufi kubwa.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa hasara. Zamani nilijenga kichwa kizima cha mtu kwa nyeusi ya mifupa iliyopakwa nene, kisha baada ya siku 10 nikaweka juu yake mchanganyiko mwembamba wa amba na nyeupe. Nyeusi ile ilikuwa imekauka kwa kidole, nami niliridhika. Mwaka wa pili paji lote la uso lilikuwa limegawanyika vipande kama udongo wa dimbwi lililokauka, na penye nyeusi nene zaidi ndipo nyufa zilipokuwa pana zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulaumu turubai au hewa ya chumba chako, jiulize ni rangi gani iliyo chini ya shavu lile, ilikuwa nene kiasi gani, na uliipa siku ngapi.

Nikija kwenye tope, hapa nataka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo siri ya uchoraji wa matabaka ilipo. Watu husema tope hutokana na kuchanganya rangi nyingi mno. Wakati mwingine ni kweli, lakini katika picha za matabaka sababu kubwa ni kulipa kila tabaka kazi zote. Jioni ya kwanza unatafuta umbo, mwanga na rangi kwa pamoja. Jioni ya pili unagundua pua imekaa vibaya, unaisogeza, na kwa kuwa rangi ya jana ni mbichi, brashi inaibeba na kuichanganya na ya leo. Baada ya jioni 20 za namna hiyo kila rangi imekutana na kila nyingine, na ngozi imekuwa na rangi ya kitambaa cha kufutia brashi.

Kila tabaka lina kazi moja, na ukilipa mbili litazikosa zote. La kwanza ni la umbo: amba iliyopunguzwa kwa tapentaini kidogo, iliyopakwa nyembamba, ikionyesha mahali pa kila kitu na mipaka ya vivuli vikubwa. Usiipunguze mpaka ikawa kama chai, maana rangi iliyokosa mafuta ya kuishika hubaki unga mtupu juu ya turubai. La pili ni la mwanga na giza, bila rangi kabisa, kwa vijivu vinavyotokana na nyeupe na amba au na nyeusi kidogo. Hapa pua ikae mahali pake au turudi nyuma tuifute. Na hapa ndipo penye kosa ambalo nadhani lipo katika picha yako, ingawa sijaiona: kijivu chako ni cheusi mno. Tabaka hili linapaswa kuwa jepesi kuliko picha unayoikusudia, sehemu za mwanga zikiwa karibu nyeupe tupu na vivuli vikiwa vya wastani, kwa kuwa kila tabaka angavu litakalofuata litaitia giza. Anayeanza na kijivu sahihi humaliza na picha yenye giza kupita alivyotaka.

Tabaka angavu ni rangi inayopitisha mwanga, iliyotandazwa nyembamba juu ya tabaka kavu. Mwanga hupita ndani yake, hugonga weupe ulio chini, kisha hurudi kupitia rangi ile ile mara ya pili kabla ya kufika machoni. Wekundu unaopatikana hivyo hauwezi kuchanganywa juu ya paleti, yaani ubao wa kuchanganyia rangi, kwa sababu paleti haina kina. Kinyume chake ni kusugua utando hafifu wa rangi nyepesi juu ya tabaka lenye giza, kwa brashi iliyo karibu kavu. Utando huo huonekana wa baridi na kuelekea ubuluu hata kama hukutia buluu yoyote, kwa sababu ile ile inayofanya moshi mwembamba uonekane wa buluu mbele ya msitu wenye giza. Katika uso wa mtu, mpito kutoka mwanga kwenda kivulini mara nyingi unahitaji ubaridi huo, na wachoraji wengi huhangaika kuutafuta katika tyubu ilhali wangeupata kwa utando mmoja wa kijivu chepesi juu ya kivuli kilichokauka. Basi unazo njia mbili tu za kusonga: angavu yenye giza na joto, au utando mwepesi wenye ubaridi, na tabaka moja halifanyi zote mbili mahali pamoja kwa siku moja.

Nikumbushe pia kwamba angavu ina rangi kidogo mno, hivyo rangi inayopauka kwa mwanga itapaukia hapo kwanza. Mandhari ya nyuma katika picha ya Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, ya msichana mwenye hereni ya lulu, iliyochorwa yapata 1665, leo huonekana nyeusi, lakini uchunguzi umeonyesha kwamba ilikuwa kijani cha kung'aa kilichopatikana kwa angavu ya nili na rangi ya manjano ya mmea, juu ya tabaka la giza. Kijani kimekwenda, giza limebaki. Chagua kwa ajili ya angavu rangi zilizoandikwa kuwa na uimara wa juu dhidi ya mwanga, na kwa sababu hiyo mimi siitumii alizarini ya asili katika kazi ninayoiuza.

Wakati mwingine utakuta tabaka lililokauka linakataa rangi mpya, ikijikusanya vitonevitone kama maji juu ya jani lenye nta. Lisugue kwa wepesi sana kwa karatasi laini ya msasa iliyoloweshwa, ulifute, uendelee. Wapo waliofundishwa kulipaka kitunguu kilichokatwa, na nakiri kwamba hufanya kazi, ila sijawahi kukiamini kitu ambacho sijui kinaacha nini nyuma.

Kufifia kwa sehemu za giza ni tatizo jepesi kuliko linavyoonekana, na pengine si kufifia hata kidogo. Tabaka la chini, hasa likiwa na mafuta machache, hunyonya mafuta ya lile la juu, na uso hubaki mkavu, wa kijivu, usioakisi mwanga vizuri. Rangi ipo, ila haionekani. Balaa huanza mchoraji anapoidhania imepotea na kuweka nyeusi zaidi, kisha zaidi tena. Jioni unayotaka kufanya kazi mahali hapo, chukua mafuta ya kitani kiasi cha tone, yasugue kwa kitambaa au kiganja juu ya sehemu iliyokauka, kisha yafute mpaka uamini umeyaondoa yote. Giza litarudi mbele ya macho yako, nawe utaamua kwa haki kama linahitaji kitu. Fanya hivyo pale tu utakapochora siku hiyo, kwa sababu mafuta yaliyoachwa peke yake juu ya picha ni tabaka lisilo na kazi, na yatageuka manjano.

Sasa siku yenyewe. Chumbani mwangu huwa na picha 5 au 6 zilizo katika hatua tofauti, na si kwa sababu nina mawazo mengi kuliko wengine. Rangi huamua ipi iko tayari, nami huja asubuhi kuuliza. Saa ya kwanza sishiki brashi: nazitazama zote kwa mbali, nabonyeza ukucha mahali penye rangi nene pembezoni, nasugua kitambaa cheupe kikavu juu ya tabaka la mwisho kuona kama kinachukua rangi. Iliyo tayari ndiyo itakayopanda kwenye egemeo la kuchorea. Kisha naandika katika daftari sentensi moja inayosema kazi ya siku hiyo, kwa mfano "angavu ya joto juu ya upande wa kushoto wa shingo, basi". Neno "basi" limeniokoa mara nyingi. Rangi nazichanganya zote kabla ya kuanza, kutoka nyepesi hadi nzito, na mchana kazi ikiisha naiacha, hata mkono ukiwa bado una hamu. Alasiri ni ya kuandaa mbao na maturubai, kupaka jeso (rangi nyeupe ya msingi), kuchora kwa penseli, kujibu wateja na kuosha brashi. Watu wanaoyaonea wivu maisha haya hawajui ni sehemu kubwa kiasi gani ya maisha yenyewe inayopita kwenye kuosha brashi.

Kwa saa zako mbili, picha 3 zinatosha: moja katika kijivu, moja katika rangi, na moja inayokaribia kwisha. Kando yake weka kitu ambacho nakikazia kuliko vyote, yaani kipande kidogo cha ubao kilichopakwa jeso ile ile, ambacho kila unapoweka tabaka kwenye picha unaweka na juu yake, rangi ile ile, unene ule ule, siku ile ile, na tarehe ukaiandika kwa penseli. Hapo ndipo utabonyeza ukucha bila woga na kujaribu angavu kabla ya kuihatarisha picha. Jioni ambayo hakuna kilichokauka si jioni iliyopotea, kwa kuwa kuna mbao za kuandaa na mikono ya kuchora. Kwa kuwa unafanya kazi usiku, tumia taa ile ile, mahali pale pale, yenye kiwango cha uonyeshaji rangi (CRI, yaani jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia) cha 90 au zaidi na joto la rangi karibu kelvini 5000, kisha zitazame picha zako mchana siku za mapumziko kabla ya kuamua lolote kubwa.

Dakika 15 za mwisho ni za usafi, na hapa nasema kwa ukali. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikikusanywa kama mpira hutoa joto vinapokauka, joto lisilo na pa kutokea, na vinaweza kuwaka moto vyenyewe usiku bila njiti wala cheche. Vitandaze kimoja kimoja mahali pa wazi, au vitie katika kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Fungua madirisha unapotumia tapentaini, na usidhani kwamba kiyeyushi kisichonuka hakitoi mvuke. Rangi yenye risasi usiisugue msasa mkavu kamwe.

Ulitaka kujua mchoraji hujuaje kwamba picha inasonga. Mimi siihesabu kwa saa wala kwa matabaka, bali kwa maamuzi yaliyofungwa: ni sehemu gani za picha ambazo leo sina tena sababu ya kuzigusa? Kwa kipimo hicho, jioni uliyofuta mdomo mzima kwa sababu ulikaa vibaya ni jioni ya maendeleo, na wiki nzima ya kuremba jicho lililo mahali pasipo pake si maendeleo. Piga picha kwa simu kila tabaka linapokamilika, si kila siku, kutoka mahali pale pale, kisha picha hiyo ya simu iondoe rangi na kuitazama ikiwa nyeusi na nyeupe. Kama mwanga na giza vimevurugika kuliko katika tabaka la kijivu, umejua kosa limeingia lini. Turubai lenyewe litazame pia katika kioo, kwa kuwa jicho lililozoea kosa hulisamehe.

Mchoraji Palma il Giovane, kwa mujibu wa alichokichapisha mwandishi Marco Boschini mwaka 1674, alisimulia kwamba Titian, mchoraji mkuu wa Venisi, alizigeuza picha zake ukutani zikakaa miezi kadhaa bila kutazamwa, kisha akazikagua kwa ukali kana kwamba ni maadui zake wakubwa. Fuata sehemu ya pili ya kisa hicho kikamilifu, na ya kwanza kwa tahadhari, kwani mafuta mabichi yakifungiwa gizani hugeuka manjano. Rubens, mchoraji wa Flandria, alilijua hilo: katika barua ya mwaka 1629 alihofia kwamba picha yake iliyofungwa sandukuni ingekuwa imegeuka manjano, akashauri iwekwe juani mara kadhaa. Ukitaka kujificha na picha yako, itundike chumba usichoingia sana, uso wake ukielekea mwangani.

Uso wako wa miezi 4 usiuguse kwa wiki 3. Kisha tia tone la mafuta, futa, na uangalie kama umbo ni sahihi. Kama ni sahihi, usijaribu kulisafisha tope kwa rangi ya ngozi, bali rudisha mwanga peke yake kwa nyeupe iliyotiwa amba kidogo, nyembamba, juu ya paji, pua na shavu, ukiacha vivuli kama vilivyo. Ikishakauka, angavu moja ya joto, na ungoje. Nadhani utashangaa ni kazi ndogo kiasi gani iliyokuwa imebaki. Ukimaliza, vanishi, yaani tabaka la mwisho la kinga, isubiri miezi 6 hadi 12.

Ile iliyopasuka usiijaze wala usiipake upya, maana nyufa zitajitokeza tena kupitia rangi mpya, na utakuwa umefunika ushahidi pekee ulio nao. Andika nyuma yake rangi zote unazozikumbuka, mpangilio wake, na siku ulizozipa, kisha uitundike mahali unapoweza kuiona ukiwa kazini, na kila baada ya miezi 6 pima kwa rula upana wa ufa mkubwa kuliko zote.